Ng'ombe wa Kornelia

Ukame ulipomaliza ng'ombe wa kwao kijijini Gendabi, Kornelia, mwalimu wa kompyuta mjini Katesh, aliandika programu ndogo ya kuchezea kwenye intaneti. Ndani yake aliweka ng'ombe wote thelathini na mmoja, kila mmoja na rangi yake. Ukimbonyeza, anakunywa maji, ukichelewa, anaanguka. Eti imliwaze baba yake!

Mzee aling'ang'ania kipanya huku jasho likimtoka. Wakaanguka mmoja mmoja, hadi yule mweupe ambaye mama yake Kornelia alipewa siku ya harusi yake.

“Usijali, baba.” Kornelia akafungua ukurasa upya. Wote wakasimama, wamenona.

Mzee akaachia kipanya, akamtazama bintiye kama anavyotazamwa mgeni.

“Ndiyo maana unaweza kuwachezea,” alisema. “Wewe hukuwepo walipoanguka.”