Saini ya Kipanga

Enzi zetu, ukitaka saini ya mchezaji ulimfuata kazini kwake. Hakukuwa na kumtumia ujumbe, wala kupiga naye picha ukiwa umebenua midomo. Timu yetu, Magunia, ilikuwa ya kiwanda cha magunia pale Thika, na wachezaji wake wote walikuwa vibarua na mafundi wa mle mle. Nahodha alikuwa kwenye mashine ya kufuma. Kipa wa akiba alikuwa kwenye mizani, getini. Jumamosi walikuwa wafalme, Jumatatu wamevaa ovaroli zimejaa vumbi la mkonge, wanapiga chafya kama watu wengine. Sisi watoto wa Makongeni tulikijua king'ora cha saa kumi kuliko kengele ya shule. Kikilia tu, tumeshajipanga kwenye ua wa kiwanda, kalamu mkononi, miguu imepauka, harufu ya mkonge na ya maandazi ya mama mmoja aliyekuwa akikaanga pale nje ikituzunguka mpaka mate yanatutoka.

Na saini kwetu ilikuwa lazima isomeke. Vijana wa leo wanachora mkorogo kama kuku amepita na matope, wanakuambia ndiyo saini. Sisi mwalimu alituchapa kwa mwandiko mbaya, kwa hiyo hatukumwonea mtu haya. Nahodha mwenyewe, mtu wa kifua kama mlango, alinichorea mkorogo nikamrudishia kalamu.

"Andika vizuri. Hii haisomeki."

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye akachuchumaa, ulimi nje, akaandika herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Hivyo ndivyo tulivyowashikisha adabu.

Tulibadilishana saini kama watu wa sokoni. Zakayo, yule kipa wa akiba wa kwenye mizani, alisaini hata bila kuombwa. Ukipita tu getini umetumwa chumvi, anakuita, "We msichana, lete nikuandikie!" Basi bei yake ikaanguka vibaya. Zakayo watano ndio waliompata nahodha mmoja. Na Kipanga hakuwa na bei, kwa sababu hakuna mtoto aliyekuwa naye.

Kipanga, jina lake halisi Hezron, ndiye aliyekuwa mfungaji wetu. Akipata mpira, uwanja wote ulisimama, hata wauza karanga waliacha kuhesabu chenji. Lakini kusaini hakutaka hivi hivi. Ulimchotea maji kwanza. Ukamsafishia viatu. Ukampelekea redio yake kwa fundi. Ukirudi anakuambia kesho. Mimi nilimchotea maji likizo nzima, mtungi kichwani, shingo ikazama mabegani.

"Huyo anakutumikisha bure," mama aliniambia. "Maji ya nyumbani ukiambiwa unaugua, ya Kipanga unakimbia."

Siku aliyokubali, niliona karatasi haimfai mtu kama yule. Mama alikuwa amekata kitambaa cheupe cha kufunika kochi, bado hajakidarizi. Nikakichukua. Kipanga akaandika jina lake katikati, kubwa, kwa kalamu ya wino wa buluu.

Jioni hiyo nilionja mwiko. Mama alikisugua kile kitambaa kwa sabuni ya kipande, akakipaka limau, akakianika juani, wino haukutoka. "Huyu Kipanga ni nani hata akalale kwenye kochi langu?" Mwishowe akachoka. Akasema kama hatoki, basi atakaa kwa heshima. Akalifuata lile jina kwa uzi mwekundu, akalizungushia maua, akakitandika kwenye kochi kubwa, pale wanapokaa wageni. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Nami nilitembea Makongeni yote shingo imeinuka, nikiwa mtoto pekee mwenye Kipanga.

Mwaka uliofuata baba alifariki, nikaacha shule darasa la tano. Ninayoyaandika hapa nayaandika kwa kisomo hicho hicho, na anayetaka kusahihisha nukta zangu asahihishe, mradi majina asiyaguse.

Sasa ruka nami mpaka miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, watu walipokuwa wanachukuliwa Saudia kwa mafungu, leo binti wa jirani, kesho binti wa kanisani. Kiwanda kilishafungwa. Mimi nilikuwa mama wa watoto watatu, nafua nguo za watu. Kipanga naye amekuwa ajenti, suti na viatu vya ncha. Alikuja nyumbani, akakaa kochi kubwa, akageuka, akaliona jina lake.

"Mama!" akasema. "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiishi humu!"

Mama akacheka. Chai ikaletwa, na mkate ukapakwa siagi pande zote mbili. Angekuwa ajenti mwingine tungemuuliza maswali. Huyu tulimuuliza kama anakumbuka bao la dakika ya mwisho. Akatuambia kazi ni ya usafi hospitalini, Riyadh, saa za kazi zinajulikana, Ijumaa mapumziko. Akanipeleka Nairobi kwa Salome, mwenye ofisi, akanipunguzia umri kwenye karatasi, nami nikafurahi kama bibi harusi. Walinionyesha mahali pa kusaini. Nikaandika vizuri, ikasomeka.

Hospitali sikuiona hata siku moja. Riyadh, mtaa wa Murabba, walitukalisha sakafuni katika ofisi, wanawake kwa wanawake, mpaka kila mmoja akaitwa na mwenye kumchukua. Mimi nilichukuliwa na Abu Turki. Huyo ndiye aliyekuwa kafili wangu, mwajiri mdhamini, na pasipoti yangu akaiweka mfukoni mwa kanzu yake kama leso. Mkewe, Madam Hessa, akaichukua simu yangu mlangoni. Niliosha nyumba yao, ikiisha napelekwa kwa dada yake niioshe na yake. Nilikula yaliyobaki kwenye sahani, yakibaki. Nikiomba kurudi nyumbani, jibu ni mafi, hakuna. Nikiugua, mafi. Nilipigwa kwa kandambili, nilipigwa kwa waya wa pasi, na aliyenipiga ni Hessa kwa mkono wake. Wengine husema "walinitesa", kana kwamba ni upepo uliovuma. Upepo haushiki waya.

Shule zilipofungwa, familia ikahamia Jeddah kwa mamake Hessa, na mimi nikabebwa pamoja na masanduku. Huko ndiko nilikopata nafasi. Walinituma kutupa taka, na mimi sikurudi. Nilitembea na ndala mpaka nikamwona mwanamke mweusi amejitanda buibui, nikamsemesha Kiswahili kwa kubahatisha. Akaitika! Rehema, mtu wa Likoni, akiishi mtaa wa Karantina katika chumba kimoja na wenzake. Walinisogezea godoro. Wakanipa wali na samaki, nikalia, Rehema akasema, "Kula kwanza dada, kilio hakipoi, wali unapoa."

Nilikuwa na haja moja tu, kurudi Thika kwa watoto wangu na mamangu. Lakini sikuwa na pasipoti, sikuwa na ikama, kile kibali cha kuishi kule, na Hessa alikuwa ameniapia siku nyingi kwamba nikitoroka ataandikisha polisi kuwa nimeiba dhahabu. Wenye kesi ya wizi hawapandi ndege, wanapelekwa gerezani. Hilo ndilo lililonizuia kujipeleka kwa serikali yao. Rehema akasema kuna mlinzi Mkenya kule mtaa wa Hindawiyah, mzee mzee, anajua njia.

Tulimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jengo.

"Mtu wa wapi?" akaniuliza.

"Thika."

"Thika kubwa. Wapi?"

"Makongeni, nyuma ya kiwanda cha magunia."

Akasimama. "Na nani alikuleta huku?"

"Kipanga."

Yule mzee alikaa tena, akacheka mpaka akakohoa, na macho yake hayakuwa yanacheka. "Hata wewe? Mimi aliniambia nakuja kufundisha makipa. Kuna chuo cha mpira, wanahitaji mtu mwenye uzoefu." Akaonyesha geti la jengo kwa kidole gumba. "Goli langu ndilo hilo."

Nikamtazama vizuri. "Zakayo? Zakayo wa mizani?"

"Watano kwa nahodha mmoja," akasema. "Mlidhani sijui?"

Rehema akatuona tunashikana mikono, tunacheka na kulia, akafikiri jua limetuingia. Nikamwuliza Zakayo kuhusu wengine. Winga alikuwa Dammam, kwenye ujenzi. Beki wa kushoto alirudishwa nyumbani kwenye sanduku. Kipanga aliiuza timu yake, mmoja mmoja, kisha akarudi kuwauza waliokuwa wakiishangilia. Hatukuhitaji kudanganywa sana. Tulikuwa tumeshamwamini tangu tukiwa na meno ya utoto.

Zakayo ndiye aliyenipangia. Wakati ule serikali ya huko ilikuwa imetangaza msamaha, asiye na karatasi ajitokeze, achukuliwe alama za vidole, arudishwe kwao. Mashine ya vidole ndiyo ingesema kama Hessa aliandikisha wizi au alinitisha tu. Hakuna namna ya kujua kabla ya kuweka vidole.

Alimwomba bosi wake ruhusa, tukapanga foleni juani pamoja, Wahabeshi, Wachadi, Waindonesia, watoto migongoni.

"Zakayo, kama ile dhahabu iko kwenye mashine?"

"Basi iko."

"Hivyo ndivyo unanituliza?"

"Mimi nimefungwa penalti kuliko mtu yeyote Thika nzima," akasema, "na mpaka leo nakula. Simama wima, wasikuone umeinama kama mwizi."

Mlangoni walimzuia, yeye alikuwa na ikama, hakuwa na haja ya kuingia. Nilimwuliza mbona naye harudi nyumbani. Akasema bosi wake si mbaya, na tena atarudi Makongeni akawaambie nini, waliomsindikiza na tarumbeta?

Ndani nikaweka vidole, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, vidole gumba. Askari alitazama kioo chake. Akatazama tena. Akamwita mwenzake, wakaongea, mwenzake akacheka kwa jambo lao wenyewe. Kisha akanipungia mkono bila kuniangalia. "Halas. Yalla, yalla." Imekwisha, nenda.

Hakukuwa na dhahabu. Hessa alinifunga miaka kwa neno tupu.

Nilirudi na nguo za Rehema mwilini na mfuko wa plastiki. Watoto walikuwa warefu. Mama alinipapasa uso kama anatafuta kitu kilichodondoka humo.

Nilimfuata Kipanga, msidhani sikumfuata. Nilimkuta katika hoteli ndogo aliyokuwa ameifungua, anakunywa uji mbele ya wateja. "Dada yangu," akasema kwa upole, "si ulisaini mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, na nilivyosaini inasomeka, na Zakayo anakusalimu. Uji wake ulimpalia. Polisi nilikwenda, wakaniambia nilete ushahidi. Nikawaambia ushahidi umekaa mbele yenu. Hawakuandika.

Mpwa wangu Katunge, msichana asiyejua kuchota maji wala kuwasha jiko la makaa, ndiye aliyenishikia simu, akanirekodi video. "Shangazi, ongea tu. Taja." Nikataja kama nilivyotaja hapa: Hezron Kipanga, Salome wa ofisi, Abu Turki, Hessa. Akabofya, ikaenda mtandaoni, akarudi kula chipsi zake.

Juzi juzi Kipanga alitangaza mkutano katika ukumbi wa mtaa. Kazi za ng'ambo, wasichana waje na vitambulisho. Viti vilipangwa safu kwa safu, soda zikawekwa kwenye barafu. Katunge na wenzake walikuwa wameketi nje kwenye ngazi, hakuna aliyeinuka. Kila mmoja ameinamia simu yake, wananitazama mimi kwenye ile video nikitaja majina.

Nimewacheka sana vijana hawa. Hawajui kumngoja mtu langoni mpaka miguu iote mizizi. Shujaa wao wa asubuhi jioni wamemfuta. Hawatajua ule mtetemo wa kusimama mbele ya mtu uliyemshangilia, akakuuliza jina lako nani. Sisi tulipenda kwa moyo mzima, na nilikuwa na furaha ambayo wao hawatakuwa nayo. Lakini wao kabla hawajampenda mtu wanamchunguza. Sisi nani angetuchunguzia Kipanga? Tungemkata kichwa.

Niliingia ukumbini peke yangu, nikakaa safu ya mbele. Kipanga alikuwa amesimama kule jukwaani, kipaza sauti mkononi, amezeeka, suti inamning'inia. Akatazama mlango. Akatazama saa. Nikakumbuka Jumamosi zetu, uwanja mzima umesimama kwa ajili yake, na sitawadanganya, kitu kilinichoma. Hata yeye angeweza kuzeeka vizuri.

"Wengine wako wapi?" akaniuliza.

"Ndio mimi," nikamwambia, nikaweka mguu juu ya mguu. "Anza. Nakusikiliza."