Mgomba Katika Kaburi la Baba

Iko siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, na nitakusimulia kwa sababu ya neno ulilolisema jana barazani kwangu. Ulikuja na wenzako kutoka Kwala, mnataka kusajili kikundi chenu cha bodaboda, ukaniomba niwaandikie katiba. Nilipouliza dira na dhamira yenu ni ipi, ukacheka. "Mzee wangu, hapo weka chochote. Afisa anataka aone pamejazwa tu."

Mlikuja mahali panapofaa. Mkuza nzima inajua kwamba stashahada yangu ya uongozi wa taasisi imetundikwa sebuleni, na inajua niliipata ughaibuni, mchana naosha vyombo vya hoteli, jioni naingia darasani, bila mjomba wala mfadhili. Nyumba hii na geti lake ni jasho langu, na sioni haya kulisema. Lakini maana ya dira sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa hapahapa Kibaha, nje ya mochwari.

Kwetu ni Chole, kule Kisarawe ndani. Baba yangu, Mzee Shomari, na wenzake walianzisha chama cha kuzikana. Hawakukiandikia kitu. Walikubaliana kwa mdomo tu: mwenzetu akifia popote, tumrudishe nyumbani tumzike. Wakauza mihogo na mananasi, wakachanga mpaka wakanunua pikapu. Ilipoingia kijijini wanawake waliipokea kwa vigelegele. Gari la maiti, hebu fikiria.

Sasa pikapu ya maiti haina kazi kila siku, kwa kuwa watu hawafi kila siku. Ikaanza kubeba mkaa, kisha korosho, kisha ikakodishwa kwenye harusi. Mwenyekiti, Mzee Kibwana, ambaye alikuwa mtu mwema na hakuwahi kuiba, akaitisha mkutano akatusomea sentensi aliyoandikiwa mjini: chama chetu kiwe kinara wa maendeleo. Watu wakapiga makofi. Baba akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, hayo maendeleo ndiyo yatakayonibeba nikifa?"

"Shomari, wewe kila siku unawaza kufa tu. Oa mke wa pili uchangamke."

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Hata mama alicheka, akajifunika uso kwa kanga.

Haukupita muda mrefu baba akaugua. Tukamleta hospitali Kibaha, nikabaki kumuuguza. Alifariki alfajiri. Nikapiga simu kijijini, watu wakaanza kuchimba kaburi, na Mzee Kibwana akaniambia gari linakuja. Nikakaa nje ya mochwari, sanda mapajani. Adhuhuri likawa linakuja. Alasiri likawa bado linakuja. Sikutafuta gari lingine kwa kuwa niliamini, na kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kulikodi. Jua lilipoanza kushuka nikampigia tena.

"Gari limebeba muziki wa harusi, liko Mlandizi," akasema. "Tumeshawaahidi wenye shughuli, mwanangu."

"Na baba je?"

"Tulipitisha wote kwamba gari ni la maendeleo. Na wewe ulikuwepo."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma alichoandikiwa, na alikisoma sawasawa. Sentensi ile haikuwa na maiti ndani yake.

Wazee wa msikiti wa jirani wakanionea huruma. Wakamwosha baba, wakamsalia, wakamzika hukuhuku Kibaha, watu ambao jina lake walilijua pale nilipowatajia.

Kule Chole kaburi lilikuwa tayari. Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, husemwa litaita mwingine. Wakakata mgomba, wakaulaza mle, wakaufukia, mama akitazama. Tangu hapo kila Ijumaa alikwenda kupafagia. Siku moja nikamwambia, "Mama, baba yuko Kibaha. Mle mna mgomba."

"Najua," akanijibu. "Kwani nikafagie wapi?"

Nikaondoka nchini. Niliporudi nikanunua kiwanja hapa Mkuza, Kibaha, na watu wanadhani nilifuata lami. Nilifuata kaburi la baba. Mama alikataa kuhama Chole. Alipokaribia kufa aliusia azikwe kando ya mumewe, na tulimzika palepale, kando ya mgomba, hakuna aliyethubutu kuusahihisha usia wake. Gari nilikodi mimi. Chama kilishakufa, na ile pikapu ilikuwa juu ya mawe, nyasi zimeota hadi ndani.

Basi sikiliza, mwanangu. Dira ni kule mnakotaka kufika. Dhamira ni kazi mnayoifanya kila siku ili mfike, na watu mnaowafanyia. Ukitaka kujua kama mmeandika la maana, msiulize afisa. Fikirieni siku ambayo simu mbili zitaita pamoja: abiria mwenye hela nzuri upande huu, na upande ule mwenzenu ameanguka na pikipiki. Maneno yenu yamwambie aliyeshika simu aende wapi. Mkiandika kinara wa maendeleo, atakwenda kwa abiria, na hamtakuwa na haki ya kumlaumu.

Mbona dira mnayo? Ni wewe uliyeniambia kwamba kikundi kilianza baada ya Juma wenu kugongwa na lori, akalala barabarani mpaka roho ikatoka, na kila mmoja wenu alikuwa na abiria. Andikeni hilo. Liwe fupi, dereva mgeni aweze kulikariri. Na mkija kutaka kulibadilisha, ruksa, ila mlibadilishe mbele ya mama yake Juma.

Mungu awajalie safari zenye kurudi. Awape umri, awape riziki ya halali. Na siku yako ikifika, mwanangu, kaburi litakalochimbwa kwa jina lako, ulale wewe.