Ungo wa Mama Mwamini na Rafu Zangu za Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika stoo ya dawa ya hospitali moja pale Kasongo, mashariki mwa Kongo, nilipanga kitu kizuri sana, na kikabomolewa kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari juzi tu. Kazi pekee niliyoijua ni ya kumsaidia mjomba dukani kwake sokoni, ambako sabuni za bluu hukaa na za bluu, za kijani na za kijani, ili mteja azione tangu barabarani. Basi nikafanya hivyo hivyo na dawa. Maboksi mekundu chini, ya kijani katikati, meupe juu. Nilirudi nyuma hatua tatu nikajipongeza.

Mkuu wa Farmasi aliingia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwahi kupandisha sauti. Alitazama rafu kutoka chini hadi juu.

"Kijana, umetengeneza nini hapa?"

"Nimepanga dawa, Mkuu."

"Hapana. Umetengeneza bendera. Tuimbe wimbo wa taifa ao tungoje wagonjwa wafike?"

Akanishushisha boksi zote sakafuni, moja moja, na kwa kila moja aliniuliza swali lile lile: "Hii iko inatumika kazi gani?" Nikijibu kwamba ni nyekundu, anairudisha mkononi mwangu. "Kesho fabrika inabadilisha boksi. Nyekundu inakuwa nyeupe. Weye utapatia mutu wa minyoo dawa ya presha, na minyoo itabaki, presha itashuka, na mutu ataanguka kwenye mulango yangu."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, na ninyi mnaoanza leo mjue kwamba haijabadilika. Dawa hupangwa kwa matumizi yake. Kuna za kutuliza maumivu na kushusha homa, kama parasetamo. Kuna antibiotiki, zinazopambana na bakteria, nazo hazina msaada kwa mafua ya kawaida hata mgonjwa akilia. Kuna za malaria, kuna za minyoo. Kuna za mzio, yaani mwili unapogombana na kitu kisicho adui, kama vumbi au chakula fulani, ukatoka vipele. Kuna za presha, ambazo mgonjwa huzimeza hata siku anayojisikia mzima. Kuna za kusafisha kidonda, ambazo hazimezwi kabisa, nazo Mkuu aliziweka rafu ya mbali, peke yake, kama mtu aliyegombana na ukoo.

"Na dawa yenye kazi mbili?" nilimuuliza siku moja. Nilikuwa nimesoma kwamba aspirini hutuliza maumivu, lakini pia huzuia damu kuganda.

"Weye unatumika hapa, na siku ya Mungu unaimba kwenye kwaya. Unalalaga wapi?"

"Nyumbani, Mkuu."

"Nyumba ngapi?"

"Moja."

"Basi. Dawa pia."

Jibu hilo nililiandika kwenye daftari, kisha nikalisahau kwa miaka mingi, kama mtakavyoona.

Nilikaa Kasongo hadi miguu ilipoanza kuniwasha. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikizoea njia ya kwenda kazini nataka njia nyingine, na nikishaipata nyingine naikumbuka ile ya kwanza hadi machozi. Niliomba kuhamishwa, nikapelekwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba.

Nyangwe dawa zetu zilifika kwa mtumbwi, na mpiga kasia alikuwa akikalia katoni ya mipira ya mikono kwa sababu ilikuwa laini. Wavuvi wa pale walikuwa na mpangilio wao wa dawa, wenye mafungu mawili tu: dawa kali na dawa ya watoto. Kali ni chungu, au ni sindano. Nyingine zote ni za watoto. Mzee mmoja alinirudishia chupa ya siro, dawa ya maji ya kikohozi, ikiwa imebaki nusu.

"Munganga," akaniita, kama wanavyomwita kila mtu wa hospitali, "hii dawa iko tamu."

"Ndiyo, baba. Shida iko wapi?"

"Ugonjwa yangu inaifurahia."

Nilimweleza kwamba utamu ni wa sukari tu, kazi inafanywa na kitu kingine ndani yake. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama ninaweza kutoa ile sukari nikambakizia kitu kingine. Nyangwe niliondoka na mambo mawili: uvumilivu, na tamaa ya samaki wa moshi wa Lualaba ambayo haijanitoka hadi leo. Tamaa hiyo ndiyo iliyonitia matatani.

Kabambare, nilikohamishiwa baadaye, nilifika juu ya pikipiki, katoni zikiwa zimefungwa mgongoni mwangu, huku mimi nimefungwa mgongoni mwa dereva. Barabara ile sitaieleza. Aliyeipita anaijua na asiyeipita hataamini. Kituo chetu kilikuwa na watu wachache. Mkubwa wake alikuwa muuguzi tuliyemwita Mama Munganga, mwanamke mrefu wa maneno machache. Chini yake alikuwa Alimasi, muuguzi wa maneno mengi. Mimi nilishika ufunguo wa farmasi, nao ulikuwa ufunguo wangu peke yangu kwa mara ya kwanza maishani. Niliuvaa shingoni hata nikienda kuoga.

Sasa, wagonjwa wa Kabambare hawasemi, "Nipatie dawa ya kutuliza maumivu." Wanasema, "Kichwa inapasuka." Wanasema, "Mwili inawaka moto," au "Mugongo imekatika," au "Tumbo inakimbia," yaani wanaharisha. Kila mara Alimasi alikuja dirishani kwangu na neno la mgonjwa, nami nikalitafsiri kuwa fungu, kisha fungu nikaligeuza kuwa boksi. Nikajiona nina akili. Kwa nini rafu zisiseme kama watu wanavyosema?

Nikaandika vibao vipya: KICHWA. MWILI MOTO. MGONGO. TUMBO KUKIMBIA. VIPELE. Nikapanga upya kila kitu. Siku zisizo na wagonjwa wengi nilijaza vidonge katika bahasha ndogo, na juu ya kila bahasha nikaandika neno la rafu yake. Jina la dawa sikuliandika. Nani angelisoma?

Parasetamo ilinisumbua kidogo, kwa sababu inafaa kichwa, inafaa homa, na inafaa mgongo. Nikaiweka rafu zote tatu. Nilikuwa na parasetamo za mviringo na ndefu, kutoka fabrika mbili, yaani viwanda viwili, nikazigawa tu: za mviringo KICHWA na MGONGO, ndefu MWILI MOTO.

Mama Munganga alipoziona rafu alisema, "Mm." Mimi nikaelewa kwamba amefurahi.

Kisha ikaja barua. Yule Mkuu wangu wa Kasongo alikuwa amepandishwa cheo. Sasa alisimamia dawa za vituo vyote vya upande wetu. Angekuja kukagua. Barua ilisema wazi kwamba mtunzaji ambaye stoo yake haiko sawa ataacha ufunguo mezani siku hiyo hiyo. Sikuogopa. Nilitaka mzee aone jinsi mtu wa bendera alivyokua. Na ili apokelewe vizuri, siku moja kabla ya ziara nilimwachia Alimasi ufunguo, nikapanda pikipiki kwenda soko la mbali kumtafutia samaki wa moshi. Kusema kweli, nilijitafutia mimi.

Niliporudi alasiri, harufu ya samaki ikinitangulia, Alimasi alinipokea akicheka.

"Kaka, rafu yako ni mashine! Leo sikufikiri hata kidogo. Mutu anasema, mi nachukua, anaenda."

"Nani alikuja?"

"Wengi. Mama Mwamini pia. Maskini, alikuwa na kichwa, na mwili moto, na mugongo. Tukapima malaria, hakuna. Nikamupatia bahasha zote tatu. Mbili mbili, asubui, muchana, magaribi."

Samaki waliniponyoka mkononi.

Vijana, hesabu hiyo ifanyeni wenyewe. Vidonge viwili kutoka kila bahasha, bahasha tatu, na zote ni dawa ile ile. Parasetamo ni dawa mpole ikipewa kwa kipimo chake. Ikizidi sana huharibu ini, na ini haliumi mapema; mtu anajisikia vizuri siku ya kwanza, huku ndani mambo yamekwisha kuharibika. Na Mama Mwamini alikuwa mjane mzee, mwembamba kama mwiko.

Nilichukua ufunguo wangu, nikakimbia. Nyumba yake ilikuwa imefungwa. Jirani yake akaniambia, bila kuacha kutwanga, "Ameenda kwenye shamba ya muchele, ng'ambo ya kijito. Alisema mwili inamuuma lakini ndege hawamungojei mutu." Nikavuka kijito na viatu vyangu. Njia nzima nilikuwa naona ile miwani yenye uzi.

Nilimkuta kwenye kibanda cha kufukuzia ndege. Alikuwa ameketi, ungo mapajani, na katika ungo hakukuwa na mchele. Kulikuwa na vidonge vyangu vyote, vimepangwa mistari miwili: vya mviringo huku, virefu huku.

"Mama! Umemeza ngapi?"

"Salamu iko wapi?"

"Jambo, mama. Umemeza ngapi?"

"Mbili. Zingine nilikuwa nazichagua kwanza." Akasukuma kidonge kimoja kwa kucha. "Miye nachaguaga muchele tangu niko mutoto. Jiwe najua, muchele najua. Hizi za kichwa na hizi za mugongo ni ndugu wa tumbo moja. Iko na mustari ile ile katikati. Na hizi ndefu nimezionja na ulimi. Uchungu ni ile ile. Munganga, munanipatia dawa moja mara tatu, ao ni mimi munaona nina vichwa tatu?"

Nilikaa chini kwenye majani. Nilimwambia ukweli wote, kwa sababu sikuwa na pumzi ya kutunga uongo. Nilimwomba abaki na bahasha moja, anirudishie mbili. Akakataa.

"Nitazileta miye mwenyewe. Kesho."

"Kesho tuna mgeni mkubwa, mama."

"Vizuri. Nitavaa kitenge mupya."

Nilipanga kuamka mapema nibadilishe rafu zote kabla mkaguzi hajafika. Lakini Mkuu wa Farmasi alikuwa mtu wa alfajiri. Nilipofika kituoni nikiwa na kibao kipya cha kwanza mkononi, yeye alikuwa tayari mlangoni, vumbi la barabara kwenye nyusi, miwani na uzi wake ule ule, na Mama Munganga kando yake. Nyuma yao, kitenge kipya, ungo kichwani, alikuwa anakuja Mama Mwamini.

Mkuu aliingia. Akasoma vibao: KICHWA. MWILI MOTO. MGONGO. Akafungua bahasha kutoka kila rafu, akamimina vidonge kiganjani. Mimi nikaona kwamba nikingoja, Mama Mwamini atasema kwa niaba yangu. Nikasema mwenyewe. Nilieleza bahasha, rafu tatu, safari ya samaki, shamba la mchele. Sikumtaja Alimasi, kwani kosa lilikuwa la maandishi yangu.

Mkuu alirudisha vidonge katika bahasha zake. Kisha akaninyooshea kiganja, nami nikavua ufunguo shingoni nikauweka pale. Ulikuwa bado na joto langu.

"Dawa inalalaga nyumba ngapi?" akauliza.

"Moja, Mkuu."

"Jibu ile uliisahau wapi?"

"Sijui. Labda Nyangwe."

"Na nani aliona makosa?"

Nikamwonyesha Mama Mwamini. Mkuu alimtazama, akautazama ungo, kisha akafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha ukaguzi. Akampa mama ufunguo.

"Mama, huyu atapanga upya. Kwa kazi ya dawa. Weye chagua. Ukiona dawa moja kwenye rafu mbili, usimupatie ufunguo."

Mama Mwamini aliufunga ufunguo katika pindo la kitenge, akaketi mlangoni. Kuanzia asubuhi hadi jioni nilimpelekea dawa rafu kwa rafu, naye akazimwaga kwenye ungo juu ya karatasi safi, akazipepeta kwa macho. Mara mbili alinirudisha. "Hii nimeiona pale juu. Usinichezee." Wagonjwa waliopita walidhani ameajiriwa. Mkuu alikaa kwa Mama Munganga akila samaki wangu. Giza lilipoingia, Mama Mwamini alifungua pindo akanirudishia ufunguo.

Vibao vyangu havikutupwa. Mkuu alivitundika nje, mlangoni, na chini ya kila kimoja akaniandikisha jina la dawa na fungu lake.

"Mulango ni ya watu," alisema akipanda pikipiki. "Rafu ni ya dawa. Usichanganye tena."

Nilishika ufunguo ule miaka mingine mingi, muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote. Mwaka huu, nikiwa na miaka arobaini na saba, nimeacha kazi kabla ya wakati. Miguu imeniwasha tena, na nataka kuiona Nyangwe kabla sijasahau harufu yake. Watoto wa mtaa wananiita mzee wa farmasi. Sibishani nao.

Siku ya mwisho nilipaswa kumkabidhi Alimasi ufunguo, kwani ndiye anayeshika stoo sasa. Lakini nilipita kwanza kwa Mama Mwamini. Amezeeka sana, haoni vizuri, ila ungo bado uko mapajani.

"Umechagua?" akaniuliza bila salamu.

"Nimechagua, mama. Rafu zote."

Akaupokea ufunguo, akaupapasa pande zote mbili kama kidonge, akaugusisha ulimi.

"Ni yenyewe," akasema. "Mupelekee Alimasi. Na umuambie, samaki ni ya kutuma mutu, asiende mwenyewe."