Mbuzi ya Nyumba ya Majiwe

Ile nyumba ya majiwe yenye iko juu ya kilima, kule Kingi, watu wanasema muzungu njo aliijenga. Uongo. Muzungu alionyesha na kidole tu. Majiwe yenyewe, ile nyeusi ya volkano, mama zetu waliibeba kwa kichwa, na mimi pia, nilikuwa ningali musichana mudogo. Kuta ni nene, unaweza kulala ndani ya dirisha. Kuko shemine ya kuota moto, baraza ya kuangalia ngombe, na manjanja, ile mabati, juu: mvua ikinyesha, hamusikilizane.

Kile kilima kilikuwa cha baba yangu. Kwetu, mugeni akiomba fasi, anakuletea mbuzi. Ukiikula, umemupa fasi ya kukaa, haukumupa udongo. Siku anaenda, udongo unarudi kwako. Muzungu alileta mbuzi. Baba akaikula na wandugu, akafurahi kupata mugeni mukubwa.

Kapita wa muzungu, musimamizi wa kazi yake, alikuwa mutoto wa dada ya baba. Alijua Kifaransa, alijua na desturi yetu. Njo yeye alisimama katikati kugeuza maneno. Muzungu ananunua, baba anakaribisha, yeye anaona yote mbili na ananyamaza. Watu wanapenda kusema ni wazungu tu walitukosea. Mimi nasema ni kapita.

Muzungu alizeeka, akarudi kwao. Saloni, kile chumba kikubwa cha shemine, ikawa fasi ya kukausha maua ya piretre, ile ya kuua wadudu. Harufu yake ilitutoa machozi. Kisha wachungaji wa Burungu wakaweka mule maziwa na fromaji, ile jibini yao, sababu majiwe yanashika baridi. Kila mavuno baba alingojea udongo urudi. Mwisho, chefu, mutawala wa kwetu, akafanya saloni kuwa tribinali ya kukata maneno. Baba akamushitaki kapita mule mule, sababu yeye njo alibaki anashika kilima.

Wazee wakamuuliza kapita ile mbuzi ilikuwa ya nini. Baba akamuambia polepole:

"Mwipwa wangu, sema tu vile ulisikia siku ile."

Kapita aliangalia shemine. "Ilikuwa bei, mujomba. Muzungu alinunua kilima, na wakati wa kwenda akaniachia mimi."

Muzee mumoja akasema basi ile mbuzi ilikuwa na nyama mingi, imelisha ukoo na kununua kilima. Watu wakacheka, hata wale walioikula.

Wazee wakakata: kilima ni cha kapita. Kwa kubaki pale, ingetupasa tumupelekee kapita mbuzi, sisi kama wageni. Baba alikataa. Alimuambia mama afunge vitu: afazali kuomba fasi kwa watu wenye hatujue, kuliko kuomba kwa mutoto wa dada yake.

Tukashuka Walikale, upande wa Omate. Watu wa pori wakatupokea vizuri, siwezi kuwasema mubaya. Baba alijenga nyumba ya miti na udongo, akapanda migomba. Wakimuuliza kama ile fasi iko yake, alijibu hapana, ya wenyewe. Aliishi vile, mugeni, mpaka kufa.