Aliyeokotwa na Bi Mwatum

Soud wa Wawi alipopeleka posa Madungu, mwaka 1938, nyumbani kwao hakuna aliyeuliza kama binti anajua kupika. Waliuliza jina. Anaitwa Pakacha.

Jina hilo lilimwasha shangazi yake Soud, Bi Mwanamize, mwanamke aliyekuwa akionja hata chumvi kabla ya kuinunua. Pakacha husukwa kwa makuti ya mnazi, likabebewa muhogo, haitwi mtu hivyo. Akajifunga buibui, akaenda kuchunguza.

Hakuhangaika sana. Jirani wa kwanza alimwambia mtoto yule aliokotwa jaani, na aliyemwokota yungali hai, Bi Mwatum, nyuma ya msikiti. Bi Mwatum naye hakukana. Alimwokota kwa mikono yake, juu ya maganda ya muhogo, kuku wamemzunguka.

Basi. Wa kuokotwa! Nani baba, na nani atakuwa walii wa kumwozesha? Sasa kila kitu kikamtia shaka. Mbona Bi Time, anayejiita mama, hajamwita binti huyo "mwanangu" hata siku moja? Mbona sikukuu humvika kanga iliyopauka? Pua si ya Mzee Ngwali, mume wa Bi Time. Na masikio, alisema, yana jambo. Masikio ya nani hayana?

Akaenda kwa Bi Time na neno moja: aseme ukweli, au posa inavunjika leo. Pakacha yuko nyuma ya mlango, anasikia.

"Umemzaa au hukumzaa?"

Bi Time akatazama mlango, akatazama paa, kama mtu anayehofia kuna wa tatu anasikiliza.

"Nimemzaa," akasema chini chini. "Nimezika watatu kabla yake. Huyu tukamtia pakachani, tukamtupa jaani, Mwatum akamwokota, nami nikamnunua kwake kwa pishi ya mtama. Mauti yaone si mtoto wa mtu, yapite zao. Miaka yote nimeuzuia ulimi wangu. Leo umenitamkisha. Akipiga chafya tu, Mwanamize, nakuja Wawi."

Mila hiyo Wawi ipo pia. Shangazi ana ndugu yake wa tumbo moja anaitwa Jaa, hakukumbuka. Shaka ikishaingia, hata ndugu hutoka kichwani.

Njiani alimpitia Bi Mwatum, akamlaumu kwa kumpa habari nusu.

"Uliniuliza nani alimwokota," Bi Mwatum akamjibu, anapepeta mchele wake. "Hukuniuliza nani alimtupa."

Ndoa ikafungwa, Mzee Ngwali akiwa walii, pua yake na yote. Bi Time hakutulia. Kila Ijumaa alifika Wawi, akasimama nje bila kuingia, akauliza lile pakacha la watu bado lipo? Pakacha hujibu toka jikoni kwamba lipo, linachoma samaki.

Siku moja Pakacha akapiga chafya. Bi Mwanamize akawa wa kwanza kutoka uani, akaangalia huku na huku, akauambia upepo:

"Si wetu huyu. Wa kuokotwa tu."