Mtani Ndani ya Kompyuta ya Damas

Damas Masolwa alikasirika mbele za watu mara moja tu maishani mwake, na kwa mara hiyo moja akatozwa kuku. Aliyemkasirisha ndiye aliyekula paja. Hapa mtaani Ng'ambo, Tabora, kisa hiki husimuliwa misibani na kwenye vijiwe vya kahawa, na watu hucheka mpaka wakajifuta machozi. Mimi ni jirani wa Damas tangu sote tukiwa na nywele nyeusi, na siku hiyo nilikuwapo. Mpaka leo sijaona pa kuchekea.

Nianze na mama yake, kwa kuwa bila yeye hakuna cha kusimulia. Bibi Ng'washi alizaliwa Tura, akaolewa Tura, akazikwa Tura. Baba yake alikuwa mpagazi katika miaka ya mwisho kabla ya reli kufika Tabora. Alibeba pembe za ndovu kwenda pwani akiwa kijana ambaye ndevu hazijaota vizuri. Wapagazi walikuwa na nyimbo za njia. Kila kambi ilikuwa na wimbo wake, na alfajiri, watu wanapojitwisha mizigo, waliimba wimbo wa mahali wanapopaacha. Ndani yake mlikuwa na kila kitu: maji yako wapi, nani mchoyo, wapi unyamaze upite kimyakimya. Aliyezijua kwa mpangilio aliijua njia hata kama hajawahi kuikanyaga. Mzee yule hakupata mtoto wa kiume, akamfundisha binti yake. Bibi Ng'washi aliziimba akisaga mtama, kuanzia Kwihara, Kigwa, Tura yenyewe, pori la Mgunda Mkali, kisha Mdaburu kwenye nchi ya Wagogo, mpaka Bagamoyo ambako hakufika kamwe. Hakuweza kuanzia katikati. Ukimkatiza kwa salamu tu, alikuitikia marahaba, kisha akarudi Kwihara.

Damas alikua akizisikia hizo. Baba yake alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia ya reli, naye Damas akaingia reli, akawa mtu wa ishara hapa stesheni ya Tabora. Alikuwa na mikono ya kufungua vitu. Redio za nusu ya mtaa zilipitia mezani kwake. Miaka ya tisini mwanzoni alikuwapo hapa mgeni mmoja wa mradi wa nyuki aliyekuwa akimletea redio yake, na mradi ulipokwisha, mgeni akamwachia kompyuta ya nyumbani. Msiifikirie kama hizi za leo. Ilikuwa kinanda kinene cha herufi chenye ubongo wake tumboni, unaichomeka kwenye televisheni. Pembeni ilikuwa na kisanduku kidogo cha kunasia sauti. Damas alijifunza mwenyewe, kwa kukosea na kurudia, kwa kitabu cha lugha ambayo alijua nusu yake.

Kisha akamleta mama yake kutoka Tura. Bibi Ng'washi aliketi kitandani, sahani ya michembe, viazi vyetu vikavu, mapajani, akaimba njia yote mbele ya kipaza sauti. Mara alipokohoa, akarudi Kwihara. Mara jogoo alipowika, akarudi Kwihara. Damas hakumharakisha. Mama alifariki miaka michache baadaye, na hakuna mwingine aliyezijua. Wajukuu walikuwa wakimwambia, "Bibi, weka redio." Nimewasikia kwa masikio yangu. Leo hao hao ndio wanaosema mila zetu zimepotea, kana kwamba zimeanguka kwenye tundu la mfuko.

Reli ilipopunguza watu, Damas alirudi nyumbani na cheti na shukrani. Redio nazo zikaisha, watu wakashika simu. Lakini kila Jumapili baada ya misa aliwasha ile kompyuta, sauti ya mama yake ikajaza chumba, na mke wake Suzana akapika kwa kufuata mdundo wake. Watu walimcheka. Mtu mzima na midoli, walisema. Yeye aliwakaribisha waingie wasikilize. Hawakuingia.

Mwaka jana diski ya kompyuta ile ikaanza kugonga. Kwanza kidogo kidogo, kisha kama mtu anayebisha mlango. Ilikuwa diski ndogo sana kwa hesabu za leo, na ndani yake ndimo nyimbo zote zilimokaa. Ukoo ulikuwa umeshakubaliana kwamba baada ya mavuno utajengea kaburi la Bibi Ng'washi kule Tura, na Damas alikuwa ameahidi kwamba siku hiyo watoto, wajukuu na wakwe watazisikia nyimbo za njia kaburini pake, kwa mpangilio, kuanzia Kwihara. Kwa hiyo diski inayogonga haikuwa jambo la kuachia Mungu.

Akampelekea Chilongani. Huyu ni fundi wa simu na kompyuta kwenye uchochoro wa sokoni, Mgogo wa Manyoni, mtu wa makamo aliyesomea kazi yake. Na Mgogo, kwa sisi Wanyamwezi, ni mtani. Utani huo uliletwa na njia ile ile ya misafara. Babu zetu walipopita Ugogo, wenyeji waliwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ndipo wawape maji, wakagombana, wakapatana, na mwisho ugomvi ukageuka kuwa matusi ya kirafiki ambayo hayana kesi.

"Karibu, mpagazi," Chilongani alimwambia. "Umenibebea nini leo?"

"Nimekuletea kazi, ombaomba wewe, ili ukome kunyoosha mkono."

"Diski ndogo kama hii hazipo tena duniani, mtani. Ndogo kuliko zote nilizonazo ni hii, ya gigabaiti mia tano. Mzee wako wa plastiki ataona kona moja tu ya mlango."

"Kona inatosha. Mama hakuwa mnene."

Wakacheka wote wawili. Chilongani alikuja nyumbani na adapta zake, akaifunga diski mpya, akaigawa vyumba, akahamishia nyimbo zote kwenye chumba kidogo cha mwanzo. Tukaisikiliza Kwihara pale pale. Ilikuwa safi, bila kugonga. Alisema atakuja siku nyingine azigeuze ziingie kwenye simu. Kisha, akiondoka, akaipora ile diski ya zamani mezani.

"Hii nachukua. Ni hongo yangu ya kupita kwenye nchi yenu."

"Mrudishie mwenyewe," Suzana alisema.

"Mama, mimi ni mtani, nachukua ninachotaka. Ungekuwa na kuku hapa ningekwenda naye pia."

Damas akamwambia chukua, njaa isije ikakuua njiani. Ndivyo mtani anavyojibiwa. Hakuna anayemnyima mtani.

Jumapili iliyofuata, wiki moja kabla ya safari ya Tura, Damas aliwasha kompyuta apime kama sauti itatosha uwanjani. Akaona chumba cha pili ambacho hakukijua. Akakifungua. Zeze likalia, nyimbo za Kigogo zikafuata moja baada ya nyingine, na katikati sauti ya Chilongani ikasema: "Hodi, mtani. Mgogo amehamia kwako na ng'ombe wake. Lete hongo au hunywi maji." Damas alicheka, kwa sababu ilichekesha kweli. Alimwita Suzana aje asikie. Mimi nilisikia kicheko nikavuka ua.

Kisha akafungua Kwihara, na haikufunguka. Kigwa haikufunguka. Tura ilitoa kelele kama mchanga kwenye ungo. Mgunda Mkali kimya. Wimbo wa kwanza uliotoka mzima ulikuwa wa Mdaburu, Ugogo. Damas alirudi Kwihara, akajaribu tena, akarudi tena. Suzana ndiye aliyeizima televisheni.

Asubuhi tulikwenda uchochoroni. Chilongani alisikiliza, na rangi ikamtoka usoni, nampa haki yake kwa hilo. Akaeleza. Kompyuta zile za zamani zinajua kuhesabu diski mpaka gigabaiti nne tu. Ukiiagiza iandike mbali zaidi, haikatai wala haisemi neno. Inahesabu mpaka mwisho wa hesabu yake, kisha inaanza tena moja, na inaandika juu ya kilichoko mwanzoni.

"Ulilijua hilo?" Damas aliuliza.

"Nilisoma mahali, mtani. Nikadhani ikizidiwa itagoma tu."

"Na ukaziweka nyimbo zako wapi?"

"Mwisho kabisa wa diski, siku ile ile, mlipokwisha kusikiliza mkaniacha nakusanya vyombo. Makusudi. Niliziweka mbali nisije nikazigusa za mama."

"Niletee ile diski ya zamani."

Chilongani alitazama mezani pake. Na sisi tulikuwa tukiitazama. Alikuwa ameifungua atoe sumaku. Sumaku zilikuwa zimeshika skrubu zake mezani, na ile sahani inayong'aa ya ndani ameitundika kwenye msumari, wateja wajitazame wakitengeneza kilemba. Binti mmoja alikuwa akijitazama saa hiyo hiyo.

Damas alimkamata shati kifuani akamwita mwizi. Alimwita muuaji. Uchochoro wote ulisimama. Hakumpiga, lakini mkono ulikuwa juu, na mimi, niseme kweli, sikuushika.

Haikupita siku wazee wakakaa uani kwa Octavian, mkubwa wa ukoo wa Damas. Wazee wetu, Wanyamwezi wenyewe, si Wagogo. Nilidhani wanakwenda kumdai Chilongani. Kumbe walimwita Damas.

"Mtani hakasirikiwi," Octavian alisema. "Hata akichoma nyumba unamwambia asante kwa moto."

"Ameua sauti ya mama," Damas alisema.

"Alikuwa anatania. Wewe umeinua mkono. Kuku mmoja, na aliwe hapa hapa."

Huo ndio uamuzi. Wazee wasioweza kuimba mstari mmoja wa Kwihara, ambao vijana wao wakioana wanakodi msema chochote kutoka Mwanza, siku hiyo wakawa walinzi wa mila. Niliomba kusema. Nikawauliza mtani alikuwa nani zamani. Alipora kuku, ndiyo, alitukana wafiwa, ndiyo, lakini yeye ndiye aliyechimba kaburi, yeye ndiye aliyeosha maiti, yeye ndiye aliyelala msibani kwenye vumbi wakati ndugu wanalia. Uhuru wake aliulipia kwa jasho. Sasa mmetupa kazi mkabakiza kuporwa, na mnaita hiyo mila. Octavian, anayejua napenda kusoma, akaniambia nirudi kwenye vitabu vyangu nimwache atie chumvi supu.

Kuku akaliwa, na Chilongani, aliyeitwa aje ale, akapewa paja. Damas alikula kipande chake mpaka mfupa. Kisha akanawa na kumgeukia Chilongani, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kuku nimetoa. Sasa na mimi nadai. Kuna maiti kwetu. Nyimbo nne za mama zimekufa, na maiti ya kwetu huzikwa na mtani. Utakuja Tura na jembe lako."

Watu walianza kucheka, wakidhani ni utani. Chilongani hakucheka. Alisema, "Nitakuja."

Alikuja. Wengine tuliteremka kwenye treni na mikeka, sufuria na mifuko ya saruji. Yeye alikuwa na jembe, spika ya kuazima, na diski ile ya zamani akiwa ameirudishia sahani yake na sumaku zake, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nyimbo zilizosalia alikuwa amezigeuza zikaingia kwenye simu. Alichimba shimo dogo upande wa kichwa cha kaburi. Ardhi ya Tura mwezi wa nane ni ngumu kama tofali, na hakuna aliyempokea jembe. Desturi ni kwamba hapo mtani atukane, aulize marehemu ameacha mboga gani, awachekeshe wafiwa. Watu walingoja.

"Mtani, leo umekosa hata tusi moja?" Suzana alimuuliza, na hakuuliza kwa ubaya.

"Nitatukana nini, mama. Nimechoka."

Akaiweka diski chini, akafukia, akakanyagia.

Kisha spika ikawashwa. Bibi Ng'washi akaanza kuimba, na akaanzia Mdaburu, yeye ambaye hakuwahi kuanzia katikati. Aliimba kwamba tufiche chumvi na majembe, wenye visima wanakuja. Akaimba maji machungu ya Ugogo, na ng'ombe wa Wagogo wanavyokunywa kabla ya watu. Vijana walikuwa wameinua simu juu wakipiga picha za video. Damas alisimama karibu na saruji mbichi, na wimbo ulipokwisha akaomba spika isimame. Akataka kuwaimbia Kwihara mwenyewe. Alitoa mstari wa kwanza vizuri. Wa pili ukamkatalia. Akarudi mwanzo, akautoa wa kwanza, akasimama pale pale. Akarudi tena mwanzo. Ndugu wakaanza kutazama chini, na Octavian akasema tuendelee, jua linakwenda.

Spika ikawashwa tena, na njia ikaendelea kuelekea pwani.

Mkwe mmoja kutoka Igunga, mwanamume mwenye heshima zake, alikuwa amekaa nami mkeka mmoja. Alisikiliza sana. Mwishowe akaniinamia.

"Shikamoo, mzee. Samahani. Kumbe marehemu alikuwa Mgogo?"

Nikamwambia hapana. Alikuwa wa hapa hapa, Tura, njia yake ilianzia kwetu. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anayengoja nimwonyeshe ilipoanzia.