Mtutu wa Pili

Fundi bunduki jirani yangu ana bega moja lililoshuka, na mikono inayonuka mafuta hata akitoka kuoga. Mteja akitaka ile kubwa ya mitutu miwili, ya kuulia tembo na nyati, humpeleka nyuma ya karakana apige kwenye rundo la mchanga. Yeye haangalii mchanga, huangalia kope. "Umefumba macho kabla ya mlio, ndugu yangu. Chukua ndogo." Wengi hununa, kisha huchukua ndogo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mmoja aling'ang'ana: "Nyati hauawi kwa fimbo, fundi. Nipe hiyo hiyo." Akampa.

Juzi mjane wake aliirudisha, imeviringishwa kwenye shuka. Fundi alipoifungua, mtutu mmoja ulikuwa na ganda tupu, wa pili risasi nzima. "Teke la risasi ya kwanza lilimwangusha yeye, siyo nyati," mama alisema. "Hakuwahi kupiga ya pili." Fundi angeweza kuichomoa kwa vidole. Badala yake akaenda na bunduki nyuma, akaelekeza mchangani. Nilisimama ubavuni pake. Alifumba macho kabla ya mlio.